Sanda na Dawa: Historia ya Kusaidiana Katika Ng'ambo ya Mombasa



Katika ripoti ya mwaka msomaji hukutana kwanza na hesabu: kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Safari hii tumeona vyema kutanguliza historia, kwa kuwa hesabu husema fedha zilikwenda wapi, lakini haisemi kwa nini zilikwenda huko na si kwingineko. Mara nyingi tumeketi barazani tukaulizana swali moja. Mwenzetu akifa, mchango hupatikana kabla jua halijachwa. Mwenzetu akiugua, mchango hungoja mkutano wa mwezi ujao. Kwa nini sanda yapatikana upesi kuliko dawa? Jibu hatukulipata katika daftari la mweka hazina. Limo katika mambo yaliyotupata sisi watu wa ng'ambo ya kisiwa, yaani Kisauni, Changamwe na Likoni, na hayo ndiyo twataka kuyaeleza.

Kwanza hatusemi kwamba kusaidiana kuliletwa huku na meli au na garimoshi. Wadigo wa Likoni, Waswahili na Wamijikenda wengine wa pande zetu walikuwa na jamaa zao na desturi zao tangu zamani. Mgonjwa aliuguzwa nyumbani, jirani akaleta uji, na msiba ukifika kila mlango ulitoa ulichojaliwa. Miongoni mwa Waislamu palikuwa na zaka, sadaka na wakfu. Katika hali hiyo hapakuwa na haja ya chama chenye katibu na mhuri, kwa sababu ukoo wenyewe ndio uliokuwa chama, na daftari lake lilikuwa vichwani mwa wazee. Haja ya chama ilianza pale alipotokea mtu asiye na ukoo karibu naye.

Mtu wa namna hiyo twamwona wazi Kisauni. Mwaka 1875 wamisionari wa Church Missionary Society walijenga makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Mahali hapo pakaitwa Freretown, kwa jina la Sir Bartle Frere, ambaye mwaka 1873 alitumwa na Uingereza kwa Sultani wa Unguja kudai biashara ya watumwa ikomeshwe. Kengele iliyopigwa hapo kuwaonya watu juu ya hatari ndiyo iliyouachia mtaa wa Kengeleni jina lake. Waliokaa hapo walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, pamoja na wale Waafrika waliopata kulelewa Bombay kabla ya kurudishwa pwani hii. Wengi wao hawakuwa na mjomba wala shangazi wa kumwita. Mtu akishikwa na homa, nani amchemshie maji? Akifa, nani amchimbie kaburi? Palipokosekana ndugu wa damu, hapana budi jirani na kanisa walisimama mahali pake. Swali lile la Freretown, la nani atamtazama mgeni akianguka, ndilo lililokuja kuulizwa kila mtaa wa ng'ambo.

Mwaka 1896 ujenzi wa reli ulianza Mombasa, na njia ikavuka kisiwa kupita Changamwe kuelekea bara. Mwaka 1926 gati za kwanza za maji makuu zikafunguliwa Kilindini. Watu wakaja kwa maelfu kutafuta kazi: kutoka Taita, Ukambani, Nyanza na vijiji vya Mijikenda. Bandarini wengi wao waliajiriwa kwa siku. Aliyechukuliwa alfajiri alilipwa jioni, na kesho alisimama tena mlangoni kama mtu mpya. Huyo ndiye kibarua. Wazee wetu waliopitia kazi hiyo walijua maana yake katika ugonjwa: siku ya homa haikuwa na mshahara, na siku ya tatu ya homa haikuwa na chakula. Aliyekuwa na afya alikuwa na kazi, na aliyepoteza afya alipoteza vyote viwili kwa siku moja.

Kwa hiyo watu wakajiundia ukoo wa mjini. Vyama vya kwanza havikuitwa vyama vya ustawi, viliitwa ngoma. Tangu mwisho wa karne ya 19 vijana wa pwani walikuwa wakicheza beni, wakiwa na tarumbeta, mavazi ya kiaskari na vyeo vya kifalme, kundi likishindana na kundi. Aliyetazama kwa mbali aliona mchezo na majivuno tu, lakini nyuma ya tarumbeta palikuwa na mchango. Mwanachama akiugua alisaidiwa, na akifa alizikwa na wenziwe. Wanawake nao walikuwa na makundi yao ya lelemama, yenye viongozi na heshima za daraja, na waliokuwa kundi moja walishikana katika arusi na katika matanga. Tusiwadharau wachezaji hao. Wao ndio waliotufundisha kwamba fedha ya pamoja hukaa salama pale ambapo watu hukutana mara kwa mara na kujuana kwa majina.

Baada ya ngoma vikaja vyama vya watu wa kwao. Katika miaka ya 1940 na 1950 vilistawi Miji Kenda Union, Luo Union na vingine vingi vya Wakamba, Wataita na Waluhya. Hapa ndipo mazishi yalipoanza kushika nafasi ya kwanza, nasi twaona sababu zake hazikuwa za kipuuzi. Mwislamu wa Likoni akifa huzikwa upesi karibu na kwake, kwa sanda na dua, na gharama yake si kubwa. Lakini mtu wa Nyanza akifa Changamwe, wazee wake walitaka alale katika ardhi ya babaze, na safari hiyo ilikuwa ya mamia ya maili. Hakuna kibarua aliyeweza kuilipia peke yake. Tena palikuwa na hofu ya kuzikwa na manispaa kama mtu asiye na mwenyewe. Hofu hiyo ilikuwa kali kuliko hofu ya ugonjwa wenyewe, na kwa ajili yake watu walikubali kutoa senti zao kila mwezi.

Lazima pia tukumbuke kwamba mchango hauwezi kutoka mfukoni palipo patupu. Wafanya kazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939 wakilalamikia mishahara na kodi za nyumba. Tarehe 13 Januari 1947 wakagoma tena, watu wapatao 15,000, na mji ukasimama kwa siku kumi na mbili hivi. Walikutana Majengo katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wao mashuhuri, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini, asirudi kwa miaka kumi. Twayataja haya katika historia ya kusaidiana kwa sababu wagomaji wale walisema jambo ambalo vyama vya mchango havikuweza kulisema: kwamba maskini akimsaidia maskini, wote wawili hubaki maskini, na kwamba mshahara wa haki ndiyo dawa ya kwanza. Mgomo wa bandari wa mwaka 1955, ambao Tom Mboya alisaidia kuupatanisha, ulifuata njia hiyohiyo.

Kwetu ng'ambo palikuwa na tatizo jingine ambalo watu wa kisiwani hawakulijua, nalo ni maji. Hospitali kubwa za mji zilikuwa kisiwani. Upande wa Kisauni daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na daraja la sasa likafuata mwaka 1980. Upande wa Likoni feri ilianza kazi mwaka 1937. Changamwe iliunganishwa na kisiwa kwa njia ya Makupa. Mgonjwa wa Mtongwe au wa Kisauni ndani alihitaji kwanza watu wa kumbeba, kisha nauli, kisha mtu wa kuacha kazi ya siku ili amsindikize. Gharama hizo hazikuandikwa katika hati yoyote ya hospitali, lakini ndizo zilizowafanya wengi wangoje mpaka ugonjwa umekuwa mzito. Hata leo mwenye kuishi ng'ambo aelewa tunachosema.

Uhuru ulipokuja, mambo yakabadilika kwa namna ambayo, bila mtu kukusudia, iliongeza uzito wa mazishi katika vyama vyetu. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa katika hospitali zake. Mwaka 1966 ikaanzishwa Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, na kila mwajiriwa aliyepata shilingi 1,000 au zaidi kwa mwezi akakatwa shilingi 20. Mwaka 1972 mlango ukafunguliwa kwa wasio na ajira waingie kwa hiari, lakini waliouingia hawakuwa wengi. Basi wazee waliotunga kanuni za vyama katika miaka hiyo walifikiri kwa akili timamu: matibabu ni kazi ya Serikali, na mazishi ni kazi yetu. Wakaandika mafungu mengi juu ya sanda, jeneza, gari la maiti na chakula cha matanga. Juu ya mgonjwa waliandika mstari mmoja: wajumbe watakwenda kumtazama.

Mapatano hayo yalivunjika mwezi wa Desemba mwaka 1989, Serikali ilipoanza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Ada hizo zilisimamishwa mwaka 1990, kisha zikarudishwa hatua kwa hatua. Vyama vyetu vilikutwa havikujiandaa, kwa maana kanuni zilikuwa za zamani na hospitali ilikuwa mpya. Nao ndio wakati ambapo Ukimwi ulikuwa ukiingia katika nyumba zetu. Ugonjwa huo ulidumu miaka, ukala akiba, ukamwondoa mtu kazini polepole, tena uliwafunga watu vinywa kwa aibu. Hazina iliyotengenezwa kwa ajili ya kifo cha siku moja haikujua la kufanya na ugonjwa wa miaka mitano. Ikawa ikikaa kimya mpaka siku ya mwisho, halafu ikatoa fedha nyingi kwa ajili ya safari ya maiti. Mwaka 1999 Serikali iliutangaza Ukimwi kuwa msiba wa taifa. Sisi tulikuwa tumekwisha kuzika wengi.

Kuna mambo mawili ya Likoni ambayo hatuwezi kuyapita. Asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka karibu na gati ya Mtongwe, na watu zaidi ya 270 wakafa, wengi wao wakielekea kazini kisiwani. Siku hizo ng'ambo ya kusini yote ilikuwa matanga, na kila aliyekuwa na mkono aliunyosha. Lakini matanga huisha. Mjane hubaki na kodi, karo na watoto, na hapo ndipo mkono ulipokuwa ukihitajiwa zaidi, nao ulikuwa umekwisha kurudishwa mfukoni.

La pili ni la tarehe 13 Agosti 1997, wavamizi waliposhambulia kituo cha polisi cha Likoni na watu wakaanza kufukuzwa makwao, hasa wale waliotoka bara. Maelfu walikimbia, na wengi walipata hifadhi katika kanisa Katoliki la Likoni. Vyama vikubwa vya makabila vilikuwa vimekwisha kuvunjwa kwa shauri la Serikali mwaka 1980, lakini desturi ya kumsaidia mtu wa kwenu peke yake haikuvunjwa kwa amri. Twasema kwa unyenyekevu: fungu la kusaidiana likifungwa ndani ya kabila, siku ya fitina huwa ukuta badala ya daraja. Mgonjwa hana kabila kitandani. Aliye karibu naye usiku ni jirani, na jirani wa ng'ambo aweza kuwa Mdigo, Mkamba, Mjaluo au Mbajuni.

Sasa turudi katika swali letu. Kwa nini sanda yapatikana upesi kuliko dawa? Historia imetupa majibu matatu. La kwanza, kifo kina bei inayojulikana na mwisho unaojulikana, hali ugonjwa hauna mwisho wa kuhesabika, na mweka hazina huogopa kisima kisicho na chini. La pili, mazishi huonekana na watu wote. Asiyetoa husemwa, na anayetoa husifiwa. Mgonjwa yu ndani ya chumba, na hakuna asomaye majina ya waliomletea dawa. La tatu, kanuni zetu ziliandikwa wakati ambapo hospitali haikudai kitu, nasi tumeendelea kuzitii baada ya sababu yake kwisha.

Katika vyama vingi vya namna yetu kuna kanuni moja inayouma zaidi. Mwanachama asiyelipa ada kwa miezi kadhaa huondolewa katika daftari. Ilitungwa ili kuwazuia wavivu, na ni haki wazuiwe. Lakini nani hushindwa kulipa ada kabla ya watu wote? Ni yule aliyeugua akaacha kazi. Yeye alilipa alipokuwa na afya, na siku aliyohitaji alikuta jina lake limepigwa mstari. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Chama kinachomtoa mtu kwa sababu ya dhiki yake kitajiitaje?

Wako wazee wenye hoja nzito dhidi yetu, na twaiheshimu. Wasema: tukifungua mlango wa magonjwa, hazina itakwisha kwa wagonjwa watatu, na siku ya msiba tutaaibika. Wengine waongeza kwamba watatokea wa kujifanya wagonjwa. Hoja hizi si za leo tu. Katika Uingereza vyama vya wafanya kazi vya kusaidiana vilikutana na mashaka hayohayo katika karne ya 19. Viliweka kipimo cha malipo na wajumbe wa kuwazuru wagonjwa, wakalipa posho ya ugonjwa pamoja na ya mazishi. Mwaka 1911 Serikali yao ilipoanzisha bima ya wafanya kazi, ilivitumia vyama hivyo kupitisha msaada. Basi yawezekana, mradi pawe na kiasi na uangalizi.

Tena wakati wetu umetuletea njia ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya afya bora kadiri inavyowezekana, na kwamba mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuia hospitalini wanawake wawili waliojifungua, kwa sababu ya deni, kulivunja haki zao. Na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya jamii imechukua mahali pa ile hazina ya mwaka 1966. Mchango wake wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na mwajiri hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, yaani shilingi 3,600, kwa ajili ya nyumba yake.

Shilingi 300 kwa mwezi mchuuzi wa Kongowea aweza kuzipata. Shilingi 3,600 kwa siku moja hawezi, na hapo ndipo wengi wetu hukwama nje ya mlango. Lakini hiyo ndiyo kazi ambayo chama chajua kuifanya tangu siku za beni: kukusanya kidogokidogo na kutoa kwa pamoja. Chama chaweza kumtangulizia mwanachama fedha ya mwaka, naye akairudisha kwa mwezi. Kila mwanachama aweza kuhesabu mwenyewe ni nyumba ngapi zingelipiwa mwaka mzima kwa gharama ya gari moja la maiti mpaka bara na chakula cha siku za matanga. Hatusemi kwamba bima hiyo haina kasoro, wala kwamba italipa kila kitu. Twasema kwamba aliye ndani yake huingia hospitalini akiwa na la kuonyesha, na aliye nje huingia akiwa na machozi.

Kwa hiyo twaweka mbele ya mkutano mkuu mambo matatu, nayo yazungumzwe kwa uwazi. Kwanza, fungu la wagonjwa litengwe mbali na fungu la mazishi, kila moja na kipimo chake, ili moja lisilile lingine. Pili, mwanachama aliyethibitishwa na wajumbe kuwa mgonjwa asihesabiwe ada ya miezi ya ugonjwa wake, na jina lake lisifutwe. Tatu, kila nyumba ya mwanachama iulizwe kama imelipiwa bima, na isiyoweza isaidiwe kwa mkopo usio na faida.

Mazishi hatuyapunguzii heshima. Waliotutangulia waliogopa kuzikwa kama watu wasio na wenyewe, nao walishinda hofu hiyo kwa senti walizozitoa jasho. Ni urithi wa kujivunia. Lakini aliyeuliza swali Freretown hakuuliza juu ya kaburi peke yake. Aliuliza pia ni nani atakayemchemshia maji akishikwa na homa. Nusu moja ya swali hilo tumeijibu vizuri kwa zaidi ya miaka mia. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo twaujua kuwa mnao, kwa maana tumeuona kila penye msiba. Twawaomba mwaka huu uamke mapema zaidi, ubishe hodi mlangoni mwa mgonjwa angali aweza kuitikia.